Jenga Baraza Kwanza: Mwongozo kwa Kamati ya Ujenzi wa Ubalozi

Ndugu Mwenyekiti, hongera kwa uteuzi. Umekabidhiwa kiwanja katika mji mkuu wa watu, fedha ambazo Hazina imezitoa kwa kuguna, na agizo la kujenga "sura ya taifa ugenini". Kabla hujamwita msanifu majengo, chukua picha zako mbili za pasipoti, nenda kwenye ubalozi wetu wowote ulioko sasa, upange foleni kama mwananchi wa kawaida. Usijitambulishe. Kaa mpaka uitwe. Angalia umekalia nini, kama umepata pa kukaa. Angalia kitundu cha kuzungumzia kwenye kioo kimetobolewa usawa gani, maana mara nyingi mwenye shida hulazimika kuinama ili asikike. Tafuta choo. Ukitoka hapo utakuwa na nusu ya mchoro kichwani, na hujamlipa mtu hata senti.

Nakushauri hivyo kwa sababu wageni wa tafrija ya Sikukuu ya Muungano wataliona jengo lako jioni moja kwa mwaka, wakiwa na glasi mkononi. Wenye shida ya viza, pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kibali cha kusafirisha maiti wataliona kila siku ya kazi. Hao ndio watakaokwenda kusimulia nchi yetu ikoje. Kwa hiyo kuba isubiri, na chemchemi ya maji isubiri. Anza na baraza.

Bahati nzuri wazee wetu wa mwambao walishalifanyia kazi jambo hili. Nenda Lamu uziangalie nyumba za mawe. Mlangoni pana daka, ukumbi mdogo wenye mabenchi ya mawe pande mbili, yanatazamana, yana kivuli. Anayebisha hodi haachwi juani wala hajaingizwa ndani, na tayari ameheshimiwa. Kutoka daka unapita tekani, na njia inapinda, hivyo aliyeko barabarani hawezi kuchungulia ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha unatokea kwenye kiwanda, uwanja wa wazi ulioachwa katikati ya nyumba kwa ajili ya mwanga na hewa. Ndani kabisa, ukutani, kuna zidaka za kuwekea vyombo vya thamani. Hapo umeshapata mpangilio wa ubalozi mzima: daka kwa wenye foleni, tekani kwa ukaguzi, kiwanda kwa sherehe na mikutano ya Watanzania waishio huko, zidaka kwa vinyago vya Kimakonde na vyombo vya ufinyanzi. Mwambie msanifu asichore nakshi za mlango wa Zanzibar ukutani halafu akadai ameleta utamaduni. Akitaka kuleta utamaduni, alete huo mpangilio, na benchi liwe la kukalika.

Sasa sheria kidogo. Imani ya vijiweni kwamba ardhi ya ubalozi ni kipande cha nchi yetu haina msingi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unalifanya jengo la ubalozi lisiingiliwe bila ridhaa ya balozi, lakini ardhi inabaki kuwa ya mwenyeji, na unapaswa kuheshimu sheria zake, zikiwemo za mipango miji na majengo ya urithi. Wamarekani waliionja hali hiyo London. Mwaka 1960 walifungua ubalozi uliosanifiwa na Eero Saarinen pale Grosvenor Square, na juu yake wakaweka tai wa alumini aliyepakwa rangi ya dhahabu, mabawa yake yakifika kama mita 11. Mwaka 2009 Waingereza wakaliweka jengo hilo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Wamarekani walipohamia jengo jipya mwaka 2018, tai akabaki juu ya jengo lililouzwa kwa wawekezaji wa Qatar ili ligeuzwe hoteli. Kwa hiyo twiga wako wa shaba mfunge kwa nati, na spana ikabidhiwe kwa maandishi kwa kila balozi mpya.

Jengo walilohamia, kule Nine Elms kusini ya mto Thames, ni mchemraba wa kioo uliogharimu karibu dola bilioni 1. Upande mmoja una bwawa ambalo pamoja na kupendeza linazuia gari lisiukaribie ukuta. Watu wa London walilicheka wakalifananisha na handaki la maji la ngome ya zamani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kucheka. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita njia zao. Mapendekezo ya kuliweka jengo mita 30 kutoka barabarani yalikuwapo tangu miaka ya 1980, lakini ubalozi wa Nairobi ulikuwa umekaa kwenye kona ya njia panda zenye msongamano mkubwa, na jengo la jirani la Ufundi liliporomoka na watu waliokuwamo. Mwaka 2003 Wamarekani wakahamia Gigiri kwa upande wa Nairobi, na Msasani kwa Dar es Salaam.

Kwa hiyo usibishane na maofisa usalama kuhusu hizo mita 30. Wape. Bishana nao kuhusu kitu kingine: foleni ikae wapi. Kila penye ubalozi wa kisasa utawaona watu wamepangwa nje ya ukuta, kando ya barabara, wakiwa na mabahasha ya kaki, mahali hasa ambapo lori lenye bomu lingesimama. Usalama wa namna hiyo unalinda mafaili. Zile mita 30 zigeuze bustani ya miti ya kivuli, weka ukaguzi mwanzoni, kisha watu wakae ndani ya uzio, kwenye mabenchi, wakisubiri zamu yao.

Jambo la zege halina maneno mengi. Msimamizi wako asimame palipo na kichanganyio tangu mfuko wa kwanza wa saruji. Moscow, ujenzi wa ubalozi mpya wa Marekani ulianza 1979, na vipande vya zege vilifinyangwa na Warusi mbali na kiwanja. Kufikia 1985 iligundulika kwamba vinasa sauti vilikuwa vimezamishwa ndani ya zege lenyewe. Kazi ikasimamishwa. Mwishoni waliamua kuziondoa ghorofa za juu na kujenga nyingine kwa vifaa na mafundi wao wenyewe, na jengo likafunguliwa mwaka 2000, miaka zaidi ya 20 tangu waanze.

Kuhusu vifaa vya ujenzi, hapa naomba Kamati itulie, maana ndipo fedha nyingi hupotea na ndipo uzuri wa kweli hupatikana. Fungeni safari ya Addis Ababa mkauone ubalozi wa Uholanzi. Waliousanifu ni Dick van Gameren na Bjarne Mastenbroek, na mwaka 2007 ulipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Hauna kuba wala nguzo za Kigiriki. Ni jengo refu, la chini, lililolala ndani ya msitu wa mikaratusi, na zege lake limetiwa rangi nyekundu ya udongo wa pale pale. Halikupigwa plasta wala rangi, kwa hiyo ukuta unakwaruza kiganja kama mwamba uliochongwa, na waliolitazama wengi wamekumbuka makanisa ya Lalibela yaliyochongwa ardhini. Ukipanda juu ya paa unakuta maji ya kina kifupi yametandazwa, nchi iliyoishi kwa kupambana na maji ikijitambulisha kwa maji. Waholanzi hawakubeba vinu vya upepo. Walijitambulisha kwa kitu kimoja kilicho chao, vingine vyote wakaviazima kwa mwenyeji, na ndiyo maana jengo linaonekana lina adabu.

Fanya vivyo hivyo. Chagua kitu kimoja chetu ukifanye vizuri kweli. Milango ya mninga au mvule ichongwe na mafundi wa Zanzibar kwa mkataba unaotaja jina la kila fundi, malipo yake, na tarehe ya kulipwa. Kahawa ya mapokezi itoke Kagera au Kilimanjaro, ipikwe, itiwe kwenye vikombe vidogo na kashata pembeni. Nchi inayolima kahawa kumkaribisha mgeni kwa kahawa ya unga ya kopo kutoka nje ni aibu ambayo haihitaji bajeti kuiondoa. Maandishi ya mlangoni yaanze na Kiswahili, herufi kubwa, kisha lugha ya mwenyeji.

Lakini usidhani mbao na mawe ya nyumbani yanaweza kuifunika siasa mbaya. Afrika Kusini ilijengewa jumba la fahari Trafalgar Square, London, mwaka 1933, kwa mkono wa Herbert Baker. Tangu Aprili 1986 mpaka Mandela alipotoka gerezani Februari 1990, waandamanaji walikesha mbele ya jumba hilo, usiku na mchana, mvua na baridi. Kadiri jumba lilivyokuwa mahali pa wazi, ndivyo aibu ya ubaguzi wa rangi ilivyoonekana na kila mpita njia. Mwaka 1996 Mandela, sasa akiwa Rais, alisimama kwenye kibaraza chake akawapungia mkono maelfu ya watu. Mawe yalikuwa yale yale. Na Afrika Kusini hiyo mpya ilipojenga ubalozi wake Berlin, uliofunguliwa 2003, kazi ilipewa ofisi ya Waafrika Kusini wenyewe, MMA, chini ya Mphethi Morojele. Jifunze hapo pia: msanifu kijana wa kwetu hatakuwa na majengo ya kuonyesha kama kila mara tunamwambia aonyeshe kwanza majengo.

Fedha. Uwe na mkataba mmoja, bei moja, akaunti moja, na vyote vichapishwe. Ununuzi wa jengo la ubalozi wetu Rome ulizaa kesi iliyomfikisha Rais mstaafu Mkapa kizimbani kama shahidi wa utetezi, na mwaka 2012 mahakama ikawaachia huru washtakiwa. Wakenya nao waliona Kamati ya Bunge lao ikidai kwamba taifa limepoteza zaidi ya shilingi bilioni 1 katika ununuzi wa ubalozi wa Tokyo, na Oktoba 2010 waziri akakaa kando. Hata pale ambapo mtu hakutiwa hatiani, taifa lililipa kwa miaka ya mashaka. Na kuhusu ndoto ya kuweka ghorofa za kupangisha ili ubalozi uwe kitega uchumi, sawa, lakini zitenganishe kabisa: mlango wake, mita yake ya umeme, hesabu zake. Kinga na misamaha ya kodi ya Vienna ni kwa sehemu zinazotumika kwa kazi za ubalozi, na mpangaji wa duka la simu hamo.

Kama fedha hazitoshi, shirikiana. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden zina kiwanja kimoja Berlin tangu 1999. Kila moja ina nyumba yake, uzio wa shaba unazizunguka zote, na jengo la ushirika lipo wazi kwa umma kwa maonyesho na mikutano. Nasi tulishauona mfano mlangoni petu, maana pale Umoja House, Dar es Salaam, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Umoja wa Ulaya zilikaa chini ya paa moja, na jina la jengo likawa la Kiswahili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo sasa ni nane, zina mabalozi wanaopanga nyumba za gharama mtaa mmoja, kila mmoja na jenereta lake. Kiwanja kimoja, daka moja, ukumbi mmoja: ningekipigania kifungu hicho kuliko kingine chochote kwenye mwongozo huu.

Kuna vyumba viwili ambavyo msanifu hatavitaja usipomtajia. Cha kwanza ni chumba cha mfiwa. Mtu aliyekuja kushughulikia maiti ya ndugu yake asihojiwe dirishani huku nyuma yake watu wanauliza bei ya viza. Apewe chumba chenye mlango, viti vitatu, maji ya kunywa, simu ya kupiga nyumbani, na ofisa anayekuja kukaa naye. Cha pili ni kwa balozi za Ghuba hasa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza hali ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, mishahara kukatwa, kupigwa. Dada wa namna hiyo akifanikiwa kutoroka, atafika getini usiku, bila karatasi, labda bila viatu. Muscat vijengwe vyumba vyenye vitanda, bafu na jiko dogo, na mlinzi wa usiku aandikiwe kwamba huyo anafunguliwa kwanza, maswali baadaye.

Mwisho ni matengenezo, na hapa usikubali kusaini chochote mpaka yaingizwe. Kila msimu wa bajeti wabunge wetu huuliza kuhusu majengo chakavu ya balozi na viwanja vilivyoachwa vichaka, na kila msimu hujibiwa kwamba fedha zinatafutwa. Omba kifungu cha matengenezo chenye namba yake, kisichoweza kuhamishiwa kwenye safari. Weka fundi bomba na fundi umeme kwenye ikama tangu siku ya uzinduzi, na chumba cha vipuri kiwe na vitasa, koki na taa za ziada za aina ile ile. Hazina watakukatalia mara ya kwanza. Rudi tena na picha za jengo la zamani: dari lililodondoka, lifti iliyokufa, ndoo chini ya paa linalovuja, na ankara ya pango tunalolipa kwingine wakati jengo letu linaoza.