Jinsi ya kuuza matangazo mpaka ufukuzwe, na bado uondoke na chako

Anza na tangazo la kazi lenyewe. Mara nyingi linataka maafisa mauzo kumi kwa mpigo, wachangamfu, wanaoweza kufanya kazi bila kusimamiwa, malipo kulingana na juhudi. Jiulize gazeti dogo la hapa Dar es Salaam, au redio yenye studio moja, linawapeleka wapi wauzaji kumi. Jibu liko kwenye simu zao. Kila mmoja wa hao kumi ana shemeji benki, ana aliyesoma naye yuko kampuni ya bima, ana jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wiki za mwanzo mtu huwauzia watu wake, kwa sababu ndio wanaompokea bila miadi. Watu wake wakiisha, naye kaisha, na wale wateja wamebaki kwenye daftari la ofisi. Mwezi unaofuata linatoka tangazo lilelile.

Kama limeandikwa "binti mwenye mvuto, asizidi miaka 28", likate ulihifadhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ndoa na ujauzito, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaingia kazini.

Ukishapita usaili utaambiwa: anza kwanza, mkataba utafuata. Utapewa kitambulisho, reti kadi yenye bei za matangazo, na tageti siku hiyohiyo, lakini mkataba utafuata. Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, kwa aibu tu ya kuonekana wasumbufu mapema. Jioni ya siku ya kwanza mwandikie meneja ujumbe wa heshima: "Shikamoo bosi, asante kwa maelezo ya leo. Nimeelewa kwamba mshahara ni kiasi kadhaa kwa mwezi, kamisheni ni asilimia 10 ya kila tangazo ninaloleta, na inalipwa mteja akishalipa. Kama nimekosea naomba unirekebishe." Akijibu "sawa", umepata maandishi. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa. Mkifika kwenye mgogoro naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake. Ule ujumbe wako unamwongezea uzito.

Wengine watakwambia hukuajiriwa, wewe ni wakala wa kujitegemea, kwa hiyo hakuna mshahara, likizo wala NSSF. Wakati huohuo unatakiwa kikaoni saa mbili asubuhi kila Jumatatu, unakatazwa kuuzia chombo kingine, na kwenda Kariakoo lazima uage. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inasema mtu anayefanya kazi kwa kuelekezwa namna ya kuifanya, au kupangiwa saa, au kumtegemea kiuchumi huyo anayemfanyia kazi, anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Moja tu ya hizo inatosha. Hifadhi zile jumbe za kikundi cha WhatsApp zinazokuuliza uko wapi saa hizi.

Sasa tageti. Nimekaa kwenye vikao hivyo vya Jumatatu. Ubao mweupe ukutani, majina upande wa kushoto, mamilioni upande wa kulia, na mstari mwekundu chini ya yule ambaye hana kitu wiki ya tatu mfululizo. Anayeingia leo anapewa tageti sawa na mwenye miaka sita kazini. Ukitaja kampuni ya simu unaambiwa huyo ni mteja wa ofisi. Benki, ni wa ofisi. Bia, ni wa mkurugenzi mwenyewe. Unabaki na shule binafsi, wauza viwanja na zahanati, na hao unawagombania na wenzako tisa. Halafu mwisho wa mwezi unaambiwa kiwango chako cha utendaji ni duni. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mwajiri anayemwondoa mtu kwa utendaji duni aonyeshe kwamba mhusika alikijua kiwango, kwamba kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, na kwamba alipewa nafasi ya kujirekebisha. Kwa hiyo siku unayonyimwa mteja, andika: tarehe, jina la kampuni, nani alikukataza. Piga picha ule ubao.

Kamisheni ndiyo inayouma zaidi. Tuseme umeuza ukurasa mzima kwa shilingi 4,000,000. Asilimia 10 ni 400,000, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa mtu anayeishi Mbagala. Mteja anatoa LPO, yaani hati ya kuagiza, tangazo linatoka, ankara inapelekwa, malipo yanakuja baada ya siku 90. Wewe umeondolewa siku ya 60. Pesa ikiingia benki, meneja anasema kamisheni hulipwa kwa aliyepo. Namfahamu dada aliyeuza kurasa za toleo maalumu la Sabasaba, akatolewa Agosti, na malipo ya wateja wake yakaanza kuingia Septemba. Yeye ndiye aliyetembea juani kutafuta zile saini, na hakuona hata senti. Kwa hiyo sentensi moja ihakikishe imo kwenye makubaliano yenu: kamisheni ya tangazo lililotoka nikiwa kazini ni yangu hata mteja akilipa nimeshaondoka. Na kila LPO unayoleta, baki na nakala yenye tarehe na jina lako.

Mteja asipolipa kabisa, usikubali wakukate mshahara kimyakimya. Sheria inaruhusu makato ya hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa lako, mwajiri akaeleza kwa maandishi sababu na hesabu, ukapewa nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Mteja mwenye madeni aliyekubaliwa na mhasibu wa kampuni si kosa lako.

Kisha itazame kalenda. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo. Waajiri wa matangazo wanaujua mstari huu kuliko wanavyolijua soko. Mwezi wa tano ndipo unapoanza kuitwa pembeni. Mimi naona hapa sheria imewaacha watu wetu peke yao, maana katika kazi hii miezi mitano inatosha kabisa kumkamua mtu wateja wote alionao, na wabunge wangepaswa kulitazama hili upya. Lakini jua mambo mawili. Miezi hiyo huhesabiwa kwa jumla, hivyo mikataba miwili ya miezi mitatu mitatu haikurudishi sifuri. Na hata wa miezi minne ana haki ya notisi: siku 7 akiwa ndani ya mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kama analipwa kwa mwezi, pamoja na malipo ya kazi aliyokwisha kufanya.

Siku yenyewe huwa Ijumaa jioni. Utaitwa, utapewa maji, na mbele yako kutakuwa na barua iliyokwisha kuchapwa inayosema wewe mwenyewe umeamua kuacha kazi kwa sababu binafsi. Watakwambia inakulindia jina. Usisaini. Ukisaini umewaondolea kazi ya kueleza sababu, ilhali sheria inasema ni wao wanaopaswa kuthibitisha kwamba kuachishwa kwako kulikuwa kwa haki. Omba barua yao ya kukuachisha kazi, omba cheti cha utumishi, kisha nenda nyumbani. Dada aliyeitwa wiki moja baada ya kusema ni mjamzito aandike tarehe zote mbili, kwa kuwa ujauzito si sababu halali.

Jumatatu anza kuhesabu, kuanzia siku uliyoachishwa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kamisheni ikiwemo, ndani ya siku 60. Meneja atakupigia siku ya ishirini kukuahidi kwamba mtayamaliza wenyewe. Msikilize kwa adabu, na fomu iendelee kujazwa. Inaitwa CMA F.1. Nakala unampelekea mwajiri kwanza, mtu wa mapokezi anasaini kwamba ameipokea, ndipo unaiwasilisha Tume ukiwa na zile LPO, ule ujumbe wa siku ya kwanza, na picha ya ubao.