Marehemu Anayetoza Kiingilio

Tabu ya kuwa na mpwa anayeishi Kansas ni kwamba Kansas haina bahari, haina mlima, haina tembo, na mpwa ana gari. Mtu wa Zanzibar akijiwa na mgeni hasumbuki: anampeleka Forodhani, anamnunulia urojo, utalii umekwisha. Mtu wa Moshi ananyoosha kidole juu tu, mawingu yakipenda. Lakini mwenyeji wa zile nyanda za katikati ya Marekani ana ngano, upepo na barabara iliyonyooka, na bado anataka mgeni arudi kwao na la kusimulia. Ndiyo maana Jumamosi alfajiri, saa ambayo mtu mwenye akili zake amejifunika shuka mpaka kichwani, mimi nilikuwa nimefungwa mkanda kiti cha mbele, napelekwa mji unaoitwa Lucas, wenye wakazi wasiofika mia nne.

"Utapenda, Mjomba," mpwa akaniambia. Katika ukoo wetu maneno hayo hayajawahi kutangulia jambo la heri.

"Kuna nini huko?"

"Mambo ya kihistoria."

"Ya mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa na saba."

Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa pwani. Kilwa Kisiwani upo msikiti ulioanza kujengwa karne ya 11, na wenyeji wake hawamwamshi mgeni alfajiri. Nyumba ya 1907 kwetu bado ina wapangaji, na wapangaji wanalalamikia paa.

Njiani hakuna cha kuona, na kinaonekana kwa mbali sana. Kilichonifanya hatimaye nisogeze uso dirishani ni nguzo za uzio. Zote za mawe! Walowezi walipofika huku katika karne ya 19 hawakukuta miti ya kukata, lakini chini ya majani palikuwa na tabaka jembamba la mawe ya chokaa. Jiwe hilo likitoka ardhini ni laini, linatoboleka. Likishapigwa na hewa linakuwa gumu. Basi wakatoboa matundu kwa mstari, wakapigilia kabari mpaka jiwe likapasuka, wakapata nguzo ya kilo 150 na zaidi, wakaisimika na kuifunga seng'enge. Yote hayo ili ng'ombe asivuke. Nikamweleza mpwa kwamba babu zetu waliujua mchezo huo zamani: matumbawe yakitolewa baharini mabichi yanachongeka, unayatia nakshi upendavyo, kisha yanakauka na kukaza.

"Unaona? Umeshaanza kupenda."

Sikumjibu.

Baada ya mwendo wa saa mbili na ushee, mtu wa umri wangu akifika mjini haulizi historia, anauliza choo. Na hapo ndipo Lucas waliponipatia. Wana choo cha umma kilichofunguliwa 2012, nacho kimejengwa kwa umbo la choo. Ukiwa barabarani unaona mfuniko mkubwa umeinuliwa, na pembeni lipo bunda la karatasi ya chooni la saruji. Kuta zimenakshiwa kwa vipande vya vyombo, vioo na vikorokoro vya kila aina, kazi ya mikono ya watu wa hapohapo. Ni kizuri, sikatai. Lakini choo kikishakuwa kivutio, mwenye haja ana foleni mbili: ya wenye haja na ya wenye kamera. Nilisimama nimebana magoti nikimsubiri mama mmoja ampige picha mumewe mlangoni, naye mume kila mara alikuwa amefumba macho.

Kutoka hapo nikapelekwa kutazama Mkusanyiko Mkubwa Kuliko Yote Duniani wa Vifano Vidogo Kuliko Vyote Duniani vya Vitu Vikubwa Kuliko Vyote Duniani. Tafadhali usinilazimishe kurudia. Ni kazi ya msanii mmoja, Erika Nelson, na chimbuko lake ni ugonjwa unaoishika miji midogo ya Marekani: kila mmoja unataka kuwa na kitu kikubwa kuliko vyote duniani, ili mwenye gari asimame, anunue soda. Huko huko Kansas, katika mji wa Cawker City, mkulima Frank Stoeber alianza mwaka 1953 kuviringisha mabaki ya kamba za shambani, na mpaka leo wenyeji na wageni wanaliongezea bonge lake kamba. Kuna mji mwingine, Darwin, katika jimbo la Minnesota, wenye bonge lake, nao unadai kwamba lao ni kubwa zaidi kwa yaliyoviringishwa na mtu mmoja. Umeuona ujanja? Ukishindwa mashindano, unapunguza mashindano mpaka unabaki peke yako uwanjani.

Lakini hayo yote yalikuwa kionjo. Shughuli yenyewe ni Bustani ya Edeni, nyumbani kwa marehemu Samuel Perry Dinsmoor. Mzee huyu alipigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe upande wa Kaskazini, akafundisha shule, akalima, na mwaka 1907, akiwa na miaka 64, umri wa kudai kiti barazani na kahawa, ndipo akaanza kujenga. Akaanza na nyumba ya magogo ambayo magogo yake, ukiyagonga, ni mawe yaleyale ya chokaa. Kisha akaingia kwenye saruji, na inaelezwa kwamba alimaliza tani 113. Mimi nikiingia nyumbani na mifuko miwili tu ya saruji naulizwa nimetumwa na nani.

Tani hizo zimekuwa miti, na juu ya miti kuna watu. Wapo Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, shetani, na jicho la Mungu linalokufuata popote unapokwenda kukwepa maelezo. Alipomaliza Biblia akahamia kwenye siasa, maana alikuwa mmoja wa wale wakulima waliochoshwa na mabenki na makampuni makubwa. Kuna mfanyakazi amesulubiwa, na waliomzunguka ni daktari, mwanasheria, mhubiri na mwenye benki. Mwongozaji alipofika hapo wageni wote tuliguna, kila mtu akimkumbuka wake.

Halafu, juu kabisa, nikamwona pweza. Kutoka Lucas mpaka bahari yoyote ni zaidi ya kilomita 1,000, na pweza yuko mtini! Kumbe ndiye makampuni yaliyohodhi biashara, na mwanamke wa Uhuru anamchoma mkuki kichwani. Nikaona haifai kunyamaza. Nikamweleza mwongozaji, kwa adabu zote, kwamba pweza hafuatwi mtini. Anachokolewa mwambani maji yakipwa, na akishatoka anapigwa chini mpaka alainike. Akanishukuru sana. Mpwa alikuwa ameshahamia upande wa pili wa bustani, anasoma kibao ambacho alikuwa amekwisha kukisoma.

Tukamalizia kaburini. Kwetu maiti husitiriwa: anaoshwa, anavikwa sanda, anasaliwa, anazikwa, na ikiwezekana jua halizami yuko nje. Dinsmoor alifariki mwaka 1932 na bado anapokea wageni. Amelala katika jengo la mawe kwenye kona ya kiwanja chake, ndani ya jeneza la saruji alilolitengeneza mwenyewe, lenye kioo juu. Mkewe wa kwanza yuko chini yake, amezibwa kwa saruji. Mwaka 1924, akiwa na miaka 81, alioa tena, binti wa miaka 20 aliyekuwa akimfanyia kazi za nyumbani, wakapata watoto wawili. Mpwa akanikonyeza. Nikatazama dari.

Kuna hata picha aliyojitengenezea akiwa hai, ya kuunganisha picha mbili: Dinsmoor amelala jenezani, na Dinsmoor mwingine amesimama pembeni anamtazama. Zamu ya kuchungulia kiooni ilipofika, mpwa akanitanguliza, eti mkubwa mbele. Nilichokiona sikisimulii watu wakiwa mezani. Miaka tisini na kitu haimpendezeshi yeyote.

Ila mzee alikuwa na akili ya biashara. Aliacha wosia kwamba asiingie mtu kumtazama kwa chini ya dola moja, isipokuwa mjane wake, wazao wake na wenzi wao. Leo kiingilio kimepanda. Mfumuko wa bei umemfikia na marehemu. Na ubaya ni kwamba watu wanakuja. Mji hauna mto wa kusifia wala mlima wa kupanda, ukapata bahati ya mzee mmoja mkaidi aliyeona kwamba kama hakuna cha kutazama, basi atatazamwa yeye. Mimi nina mapango, magofu, na bahari nzima mlangoni, na nimesafiri kuvuka dunia kuja kumlipa maiti.

Njia ya kurudi nikaanza kupiga hesabu. Kioo hakiwi ghali sana. Saruji ipo. Nikamwambia mpwa kwamba siku yangu ikifika wasiharakishe, huenda tukaendesha familia kwa kiingilio.

"Mjomba, ndugu si wanaingia bure?"

"Wanaingia bure."

"Na wakwe?"

"Na wakwe."

"Sasa atakayelipa nani?"

Nikawaza. Shangazi wa kufikia, watani, waliochanjiana damu na babu, aliyenyonya pamoja na dada yangu, jirani aliyewahi kumwazima bibi kinu. Mji mzima ungepita getini bila kutoa senti, na kila anayetoka angeuliza pilau inapakuliwa wapi.