Barua ya Wazi kwa Maaskofu, Wachungaji na Mitume: Ahsanteni kwa Mashine ya Moshi

Kwa Waheshimiwa Maaskofu, Mababa, Wachungaji, Manabii na Mitume wa makanisa ya Kenya,
Kupitia Baraza la Kitaifa la Makanisa,
Nairobi.

KUH: SHUKRANI ZA KONDOO WA VISIWANI KWA KULETEWA UTAMADUNI WA KISASA

Bwana asifiwe. Tena asifiwe sana, kwa maana mara hii amesifiwa kwa spika nne, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na aliyekuwa Shela amesikia.

Naandika nikiwa Langoni, mjini Lamu. Mimi ni Mpokomo. Babu yangu alibatizwa Ngao, kando ya Mto Tana, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, wale waliofika Lamu mwaka 1887, wakaona mji umejaa misikiti na wasomi, wakaamua kwamba Roho anawaongoza kwenda mtoni. Kwa hivyo Ukristo wangu haukuja na boti ya jana, na nawaandikia kama mtu wa nyumbani.

Tumesikia mna wasiwasi. Vijana wanawakimbia, dunia inageuka, na kila kongamano la viongozi wa dini siku hizi lina mada ileile: kanisa liende vipi na wakati. Sisi huku tulikuwa tunausubiri wakati uvuke wenyewe kutoka Mokowe. Kumbe ulikuja kwa ndege, ukatua Manda ukiwa na masanduku sita.

Huduma iliyotuletea wakati huo, kwa semina ya vijana chini ya hema, sitaitaja, maana mkalimani wao ni mtu mwema na bado anadai posho yake. Mhubiri wao alishuka kwenye boti akauliza gari liko wapi. Akaonyeshwa punda. Akauliza tena, pengine hakusikia vizuri. Basi spika zikapakiwa juu ya punda, na punda, ambao hawajahudhuria semina yoyote, wakazifikisha salama.

Mhubiri wetu alizaliwa Kitale, alisema mwenyewe. Mkalimani ni wa Garsen. Sisi tulioketi ni wa Lamu, Witu, Hindi na Mpeketoni. Yaani hemani mle hamkuwa na hata mtu mmoja asiyejua Kiswahili, mhubiri akiwemo, lakini aliona kijana wa leo hafikiwi ila kwa Kiingereza. Neno likawa linatoka kinywani mwake kwa Kiingereza, linamwingia mkalimani, linatufikia kwa Kiswahili likiwa limechoka na safari. Mhubiri akiruka, mkalimani naye anaruka. Mhubiri akipangusa jasho, mkalimani naye anapangusa, ingawa yeye hakuvaa koti. Ilipofika zamu ya sadaka tukashuhudia muujiza: Kiswahili cha mhubiri kilifunguka, kikanyooka, akatutajia nambari ya tili ya kulipia kwa simu, tarakimu moja moja, bila msaada wa mtu.

Na haya yalitendeka Lamu, wandugu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858 katika visiwa hivihivi, na hadi leo wanafunzi wa vyuo vikuu wanautolea jasho. Kumhubiria mtu wa hapa Kiswahili kilichopitia Kiingereza ni kumuuzia mvuvi samaki wa kopo.

Kisha ikawashwa mashine ya moshi. Ninyi wa Nairobi mnaijua: hutoa ukungu mweupe jukwaani ili waimbaji waonekane wanashuka kutoka mawinguni. Lakini huu ni mji wa makuti na boriti. Kuna vichochoro ambamo watu wawili wakikutana mmoja hujibanza ukutani, na gari la zimamoto haliwezi kupita hata likiombewa. Moshi mweupe hapa una maana moja tu. Ulipoanza kupenya kwenye turubai, mtaa ulitoka mzima. Wazee waliokuwa barazani na kahawa yao, vijana waliokuwa wametoka kuswali isha, mama wa nyumba ya pili na buibui lake, kila mmoja na ndoo ya maji. Walikuja kutuokoa.

Mhubiri alipoona kanzu zinaingia mbio, Kiingereza kilimtoka kwa mara ya pili usiku ule. Mzee mmoja akaitazama mashine, akalitazama jukwaa, akauliza kwa upole: "Sasa moto uko wapi?" Mwenyekiti wa kamati yetu akamjibu kwamba moto hakuna, ni moshi tu. Mzee akasema, "Haya, yangu macho," akabeba ndoo yake akarudi barazani.

Siku chache baadaye picha zikawekwa mtandaoni, na maelezo kwamba umati wa watu wa Lamu ulilikimbilia hema la injili. Si uongo. Walilikimbilia.

Hofu ya mhubiri siicheki. Tangu Juni 2014, wauaji walipoingia Mpeketoni na vijiji vya jirani na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha, hakuna Mkristo wa kaunti hii anayesikia miguu ikikimbia gizani asishtuke. Jumapili tunasali askari akiwa langoni. Ninachouliza ni hiki: mtu aliyesafiri kutoka mbali kuja kutufunza utamaduni, alishindwaje kupata nusu saa ya kuketi na wale wazee kabla ya kuwasha mashine yake? Kahawa yao ni chungu, lakini haina tili.

Semina yenyewe iliendelea. Tuligawiwa fulana nyeusi zenye maandishi ya kung'aa, maana kijana wa leo lazima afanane na wenzake wa Nairobi. Hili la kumvika mtu ili awe wetu lina historia ndefu pwani hii. Wareno walimchukua Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa, wakamlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia na kumvika kama wao. Akapendeza. Mwaka 1631 akaingia Fort Jesus na watu wake, na Wareno waliokuwamo humo hawakuishi kusimulia. Fulana zetu ni za amani zaidi. Mojawapo niliiona jetini ikipangusa injini ya boti.

Kijana mmoja mvuvi alinyanyua mkono. Akasema kilichobadilika kwake si muziki, ni bahari. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, na pale alipokuwa akitega na babake sasa zinapita meli. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, naye alitaka kujua kanisa linamwambia nini mtu anayesubiri haki yake mwaka baada ya mwaka. Mhubiri alimpigia makofi kwa ujasiri wake. Kisha akamshauri apande mbegu, akatukumbusha ile tili.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni suala la ngoma. Msichana wa Kigiriama aliuliza kama vijana wanaweza kuleta ngoma na matari kwenye ibada, kwa sababu wanavijua kuliko kinanda. Akajibiwa kwamba ngoma ni mlango wa mapepo. Haikupita robo saa, kinanda kikapigwa amapiano, mdundo uleule wa kumbi za usiku za Kilimani, tukaamriwa turuke kwa utukufu wa Mungu. Nikafahamu basi kwamba mapepo ya siku hizi yanaogopa umeme.

Waheshimiwa, hema lile lilipigwa hatua chache kutoka Msikiti wa Riyadha. Mwasisi wake, Habib Saleh bin Alawi, alikuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19, akaukuta mji ambao elimu ya dini ilikuwa mali ya wenye nasaba. Akakaa Langoni na watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu: watumwa na watoto wao, wahamiaji, wachukuzi. Akawafundisha. Akaona wanapenda ngoma, naye akaiacha ngoma iwalete kwenye elimu. Matari yakaingia katika maulidi. Wenye mji walikasirika, wakasema dini imeingiliwa na mambo ya watwana. Habib hakununua chombo kipya hata kimoja. Alichukua kilichokuwapo mikononi mwa wanyonge akakiingiza ndani pamoja na wenyewe, na wenyewe ndio waliowakera wakubwa kuliko matari. Amefariki tangu 1935, na hadi leo Maulidi ya Lamu yanajaza mji kwa wageni wa pwani nzima na ng'ambo, hata kitanda cha kupanga kikawa taabu kupatikana.

Siwaambii muanze kusoma maulidi, nisije nikaundiwa kamati ya nidhamu. Na msiniambie kwamba hayo ni ya Waislamu, sisi yetu ni tofauti. Yetu yapo. Mwaka 1963, Kenya ilipotafuta Wimbo wa Taifa, kamati ya wanamuziki, akiwemo Thomas Kalume, ambaye Wakenya walimjua pia kama mchungaji, ilichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Bibi zetu wa Tana walikuwa wakilazia watoto kwa sauti ile. Leo ni sala ya taifa zima: rais anaisimamia, askari anaipigia saluti, nanyi mnaiimba makanisani sikukuu za kitaifa. Mhubiri wetu angalikuwa kwenye kamati ile, angaliikemea, na taifa lingaliimba jambo lililotafsiriwa.

Hata wageni wamewahi kulijua hili. W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa miaka ya 1880, alivaa kanzu na kilemba akahubiri sokoni kwa Kimvita. Si mavazi ninayomsifia, maana tumeshaona ya fulana. Namsifia kwa kuketi na Mwalimu Sikujua akawa mwanafunzi, akaandika mithali na mashairi ya watu aliokuja kuwabadilisha. Mashairi mengi ya Muyaka, malenga wa Mombasa, tunayo kwa sababu ya kazi hiyo ya wawili hao. Leo Taylor angeambiwa hana maono.

Wapo pia waliokabili dunia mpya kwa kuikataa yote. Hapo sina mzaha. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, jirani zetu wa Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo baadaye ilipita 400, ya watu walioaminishwa wafunge hadi wafe wamwone Yesu. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikuwa amejulikana kwa kupinga shule na hospitali. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2024 alikana mashtaka. Kati ya mashine ya moshi na msitu wa Shakahola, sisi tunaomba mahali pa kukaa.

Na msidhani sioni mema yenu. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwafungia wanasiasa mimbari za Kianglikana. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na katika kelele zao walizitaja harambee za makanisani kwa jina. Novemba mwaka huohuo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kurudisha fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto. Hongera, na hongera hii haina kejeli ndani. Ila mniruhusu niseme kwamba siku hizo vijana ndio walioendesha semina, nanyi mkaketi mkasikiliza, na hapakuwa na haja ya spika.

Ombi langu basi. Huku kwetu wachungaji hufika wakiwa na barua ya uhamisho mfukoni. Serikali inaiita Lamu eneo la mazingira magumu na kuwalipa watumishi wake posho kwa ajili hiyo, na nahisi nanyi mmeiandika hivyohivyo kwenye vitabu vyenu. Mchungaji anaanza kujua majina ya majirani, anaitwa Nakuru. Tupeni mmoja atakayekaa. Awe kijana, awe mzee, awe mwanamke mkipenda, sisi sote tunao mama. Asalimie kila baraza anayopita. Aende mazikoni kwa Waislamu bila kuandaa hotuba. Avumilie joto, azoee punda, na Kiswahili akiseme hata wakati ambapo sadaka haijafika. Yule msichana wa Kigiriama mwacheni na ngoma yake. Anaipiga vizuri kuliko yule wa kinanda.

Nyumba ya kumpokea ipo, bati halivuji, na kodi tumeshalipa hadi Desemba. Atakayekuja aje na nguo zake tu.

Wenu katika Kristo,
Mpokomo wa Langoni,
Lamu.