Barua ya wazi kuhusu mhadhara wa wazi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mihadhara ya Wazi,
Chuo Kikuu (jina nalihifadhi, mpwa wangu bado anasubiri cheti chake).

YAH: SHUKRANI KWA KUNIALIKA NIKAE KIMYA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shikamoo nimeiacha makusudi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na huenda wewe ndiye uliyepaswa kuanza.

Tangazo lenu nililikuta limebandikwa kwenye nguzo ya kituo cha daladala: mhadhara wa wazi juu ya Shaaban Robert, katika wiki ya Siku ya Kiswahili Duniani, wananchi wote mnakaribishwa, Jumatano saa 3 asubuhi. Saa mmeichagua vizuri. Jumatano saa 3 asubuhi mwananchi hana shughuli yoyote isipokuwa kazi. Waliobaki huru ni sisi wastaafu, pamoja na wanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza ambao walisaini mahudhurio mlangoni.

Getini mlinzi aliniuliza nakwenda kumwona nani. Nikamwambia nimekuja kwenye mhadhara wa wazi. "Wazi kwa nani?" akauliza, kwa nia njema kabisa, na siku ile sikusikia tena swali zuri kama hilo. Akanisogezea daftari: jina, namba ya simu, unakotoka, unayemwona. Kwenye safu ya mwisho nikaandika Shaaban Robert. Akasoma, akanitazama, kisha akaniuliza kwa heshima: "Anajua kama unakuja, mzee?"

Meza kuu ilijaa saa 4 na robo. Mkuu wa idara akamkaribisha mkuu wa kitivo, mkuu wa kitivo akamkaribisha mwakilishi wa makamu mkuu wa chuo, na mwakilishi akasoma hotuba ya mtu ambaye hakuja. Kila mmoja alitaja vyeo vyote kuanzia kulia kwenda kushoto, halafu akasema itifaki imezingatiwa. Mshereheshaji akasoma wasifu wa profesa, kurasa tatu, hadi semina za siku mbili. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani huko Tanga mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, alipata sentensi moja.

Kisha profesa akafungua kinywa, kikatoka Kiingereza.

Mshereheshaji alikuwa ametuandaa kwamba ni kwa ajili ya wageni kutoka nje. Niliwahesabu: wawili. Mmoja, binti wa Kijerumani aliyekaa pembeni yangu, alikuwa amekuja nchini kujifunza Kiswahili. Mnamo saa 5 aliniomba, kwa Kiswahili fasaha, nimpishe atoke.

Mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akiwa Rais, tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa, na mwaka 1969 wakatufikia Mabepari wa Venisi. Alimtoa Shakespeare Uingereza akamleta hadi kwetu. Ninyi mmekamilisha safari ya kurudi: mmemchukua Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili maisha yake yote, mkamvusha baharini, kisha mkatuletea sisi wenyewe akiwa mgeni. Kwenye slaidi ya tisa palikuwa na aya kutoka Kusadikika. Kitabu hicho nimekifundisha hadi jalada likanitoka mkononi, lakini ilinichukua muda kumtambua waziri Majivuno. Alikuwa amepewa jina la kigeni, kama jirani aliyekupita sokoni amevaa wigi.

Sasa nije kwenye maswali, maana hapo ndipo penye shukrani zangu. Ratiba ilisema saa 5:30 hadi 6:30. Saa 6:20 mshereheshaji akatangaza kuwa muda sio rafiki, tuchukue maswali matatu tu. La kwanza lilitoka meza kuu, nalo lilikuwa mchango. La pili lilikuwa pongezi. La tatu likawa langu. Maiki ikafika mkononi, nikasema "Ahsante sana, mimi ni...", betri ikaisha. Nikaeleza kwamba siihitaji, nimefundisha watoto themanini chini ya bati, mvua ikinyesha. Nikajibiwa kuwa bila maiki haitaingia kwenye rekodi. Tukaenda kwenye picha ya pamoja. Chai ilikuwa ya wenye beji.

Kusadikika, Mwenyekiti, kilitoka mwaka 1951. Ni nchi inayoelea hewani, na ina waziri mwenye majivuno hadi kwenye jina. Karama anashtakiwa kwa kufundisha watu sheria. Lakini hata huko, mshtakiwa alisimama barazani akasimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, na mfalme akasikiliza. Hakuna aliyemwambia muda sio rafiki.

Wenzenu nao walianza karibu na watu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, mwananchi akipita chini ya dirisha. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, elimu ya juu ikawa juu kweli. Hata hivyo kelele za huko ziliendelea kushuka mjini. Akina Walter Rodney walibishana hadharani, na wanafunzi wakaanzisha jarida la Cheche mwaka 1969, likapigwa marufuku mwaka uliofuata. Kwa upande huo naipongeza Kamati yako. Mihadhara yenu haina hatari hiyo kabisa, kwa sababu serikali itakayotaka kuifungia italazimika kwanza kuikalia hadi mwisho.

(Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho cha kilimani uliwahi kupata heshima ya kuchorwa kwenye noti ya shilingi 500. Mwaka 2014 ikaja sarafu, na upande ule akawekwa nyati. Mimi sisemi kitu.)

Swali langu bado ninalo, nimeliandika kwa penseli nyuma ya ratiba yenu. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, tangu forodhani. Mtu anayeshinda akinakili barua za wakubwa, kila mstari na heshima zake, alijifunzia wapi kuwacheka? Au alijifunzia mle mle ofisini?

Mfikishie profesa, akipata nafasi. Ajibu kwa lugha yoyote. Mwezi ujao nitakuja tena, nitakaa safu ya nyuma chini ya feni ile isiyozunguka, na betri nitakuja nazo mwenyewe. Ni zile ndogo, nimeshaangalia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu

Nakala: Mlinzi wa getini. Tafadhali rekebisha daftari, yule mzee niliyekwenda kumwona sikumkuta.