Sifa za Mshipa Uliojificha

Udaktari Tanzania husomwa miaka 5, kisha huja utarajali wa miezi 12. Maprofesa na mabingwa wanaomlea daktari katika safari hiyo hushukuriwa kwenye kila mahafali. Leo nimsifu mwalimu aliyesahaulika: mshipa wa mgonjwa, ule usioonekana wala kukubali kuchomwa.

Kwanza, haupendelei mtu. Hauulizi ulipata ngapi kwenye anatomia. Aliyeongoza darasa na aliyevuka kwa dua za mama yake hutokwa jasho lile lile, mbele ya ndugu wa mgonjwa wale wale.

Tena una haya. Kwa kijana mwenye afya hujitokeza wenyewe, mnene, bila kuitwa. Lakini mtoto akiletwa amekauka kwa kuhara na kutapika, ndipo unapojifunika. Wataalamu wanadai mwili hubana mishipa ya pembeni ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Sisi mashabiki wake tunajua ni adabu tu: hautaki kukutana na mgeni.

Fizikia nayo huifundisha vizuri kuliko chuo. Kanula ya kijani ikishindikana, mtarajali hushuka kwenye ya pinki, kisha ya buluu, hadi ya njano. Hapo ndipo Poiseuille, aliyemsinzisha darasani, anapomzindua: kipenyo kikipungua kwa nusu, maji yanayopita hubaki sehemu 1 ya 16. Na mtoto wa chini ya mwaka aliyekauka hivyo anadai mililita 30 kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza.

Lakini sifa yake kuu ni kumfundisha daktari kuomba.

“Sista, samahani, naomba unisaidie.”

Sista huja bila papara, hufunga glovu mkononi mwa mtoto, huangalia pembeni, hupapasa kwa kidole. “Dokta, huu hautafutwi kwa macho.” Kanula imeingia. Mama mtu anashusha pumzi: “Asante sana, daktari.” Anamwambia sista.

Na siku ukimkaidi hata sista, bado unafundisha. Humkumbusha mtarajali kwamba kuna mpira wa puani, kuna na sindano ya kupitisha maji ndani ya mfupa wa muundi. Asingekutana na ukaidi huo angeendelea na “ngoja nijaribu tena”, kauli inayomlinda daktari na aibu huku ikimla mtoto dakika.

Basi napendekeza: kile kitabu ambacho wasimamizi humtilia mtarajali saini, kuanzia wodi ya watoto hadi ya upasuaji, kiongezwe mstari mmoja kwa ajili ya mshipa. Tabu itakuwa moja tu: siku ya saini, itabidi aitwe sista autafute.