Sifa za Jason, Mwenye Panga Lisilonolewa

Kila mtu wa maana amekwisha kusifiwa. Huku kwetu Karurumo, Embu, mazishi hayaishi bila hotuba, na katika hotuba hizo hata marehemu aliyekuwa na deni kwenye kila duka kuanzia Runyenjes hugeuka nguzo ya jamii, mradi sanduku limeshafika chini ya hema. Basi naomba nami nipewe kipaza sauti kwa dakika chache nimsifu mtu ambaye hajapata kusomewa sifa popote, ingawa amezikwa mara nyingi kuliko ukoo mzima: Jason Voorhees, muuaji wa filamu za Friday the 13th. Sifa zitakazobaki wagawane wenzake wa kazi hiyo, akina Michael Myers wa Halloween, Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street na yule mwanasesere mwenye matusi, Chucky.

Hotuba huanza na ukoo. Jason ni mtoto wa mpishi. Mamake, Pamela, alipika katika kambi ya vijana ya Crystal Lake, na inasemekana mwana alizama ziwani wakati wasimamizi waliopaswa kumwangalia walikuwa wamejishughulisha na mapenzi. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1980, Jason haui mtu hata mmoja. Anayeua ni mama, amevaa sweta lake, anatabasamu kama mwalimu wa watoto kanisani. Wengi wanaojigamba kuwa wameitazama filamu hiyo hawalijui hili. Katika Scream ya 1996 msichana anaulizwa kwenye simu muuaji wa filamu hiyo ni nani, anajibu kwa haraka kwamba ni Jason, na jibu lake linamgharimu mpenzi wake uhai. Kwa hiyo msomaji shika hilo, huenda ukapigiwa simu.

Mama alikatwa kichwa, mwana akarithi kazi mwaka uliofuata. Alianza akiwa amejifunika gunia kichwani, jambo ambalo mtu wa nchi ya kahawa hawezi kulidharau. Kile kinyago cheupe cha mlinda lango wa magongo ya barafuni, ambacho watu hudhani alizaliwa nacho, alikipata katika sehemu ya tatu, mwaka 1982. Nauliza: ni biashara ngapi za kifamilia huku kwetu zimevuka kizazi cha kwanza? Baba akifa, lori huuzwa, duka hugawanywa, na ndugu hawaongei tena. Jason aliichukua kazi ya mamake bila ugomvi na akaikuza hadi filamu 12.

Hata kutungwa kwake kulikuwa na ujasiri. Mwongozaji Sean Cunningham alilipia tangazo kubwa katika gazeti la Variety mwaka 1979, akiwaahidi watu filamu ya kutisha kuliko zote, wakati hadithi yenyewe ilikuwa haijaandikwa. Filamu ikagharimu kama dola 550,000 na ikavuna karibu milioni 40 huko Marekani peke yake. Sisi tumepigia kura manifesto zilizoandikwa kwa mtindo huo, na mavuno hatujayaona.

Wala ubahili wa jamaa hawa si wa kubezwa. Michael Myers, ambaye Halloween ya John Carpenter ya 1978 ilimfanya baba wa wote waliofuata, amejificha nyuma ya kinyago cha chini ya dola mbili. Ni uso wa William Shatner, yule Nahodha Kirk wa Star Trek, uliopakwa rangi nyeupe. Hadithi yake ni ya tarehe 31 Oktoba, majani yakipukutika, lakini ilipigwa picha California wakati wa majira ya kuchipua. Basi majani yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na tukio likiisha yaliokotwa yatumike tena kesho yake. Huku kwetu tarehe 31 Oktoba tunachuma kahawa ya msimu mkubwa, na hakuna mwenye nafasi ya kuogopa malenge. Ila kuokota majani uliyomwaga mwenyewe ili yakufae tena, huo ni uchumi tunaouelewa.

Nilimjua Jason kibandani. Wenye umri wangu wanakumbuka vibanda vya video: mabati, viti vya mbao bila egemeo, blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia jua, runinga yenye mgongo mkubwa juu ya kreti za soda, na spika iliyokuwa ikikohoa kila mtu alipopigwa risasi. Kwa mujibu wa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, muvi kama hizi ni za waliotimiza miaka 18. Mlangoni kwetu kipimo kilikuwa shilingi kumi.

Humo tulikuwa na itikadi moja tu, tena tuliishika kuliko katekisimu: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Anaweza kupigwa, akatupwa kutoka ghorofani, akafungwa kamba na kumwagiwa petroli, lakini hafi. Ndipo siku moja mwenye kibanda akaweka kanda ya Jason. Kijana mzuri wa kwanza akafa. Tukasema huyo hakuwa stelingi. Wa pili akafa. Tukahamia kwa mwenye gari. Naye akaenda. Ilipofika nusu ya filamu tulikuwa tumeishiwa na mastelingi, na mtoto mmoja nyuma akaanza kudai pesa yake. Kumbe asiyekufa ni adui! Sijapata tangu hapo kuona dini ikitikisika kwa kasi ile.

Sifa yake kuu, kwa maoni yangu, ni kunyamaza. Watafsiri wetu wa muvi, na mfalme wao ni DJ Afro, wana kipaji cha kuwapa wazungu maneno ambayo hawakuyasema na kuyafanya matamu kuliko yale ya asili. Kwa Jason hawapati kazi. Yeye hasemi. Amehudhuria vifo vingi kuliko mwanasiasa yeyote wa kaunti hii na hajawahi hata mara moja kuomba kura mbele ya maiti.

Pia hana haraka. Msichana anakimbia, anaanguka, anapoteza kiatu, anakimbia tena. Jason anatembea tu, na anafika kabla yake. Mwendo wake ni wa mzee anayekwenda kulipwa bonasi ya kahawa: anajua pesa imechelewa, anajua itakuja, hakimbii.

Kasoro zake lazima zitajwe, maana hotuba isiyo na kasoro huwafanya waombolezaji wagunegune. Nyanya yangu alitazama kama nusu saa ya sehemu ya tatu akichambua njahi kwenye uteo. Hakushtuka hata kidogo. Mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, huyo kijana hajawahi kukata hata mgomba." Akanionyesha kwa mkono mtupu. Panga hushikwa karibu na shingo ya mpini, kiwiko kikilegea, na pigo hutoka pembeni kwa mshazari. Jason huliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili mithili ya shoka, akaacha kifua wazi. Isitoshe, hana tupa. Filamu 12, na hakuna mahali nilipomwona akikaa kwenye gogo akinoa. Panga la kwetu huguswa na tupa asubuhi kabla ya chai, na jioni hufutwa utomvu wa ndizi. Lake limeoshwa na maji ya ziwa kwa miaka na bado linakata shingo. Hapo uongo umepita kiasi.

Nyanya akaongeza swali ambalo wahakiki wa filamu hawajalijibu: "Na hao watoto, hawana majirani?"

Ukilifikiria vizuri, swali hilo linaua muvi zote za aina hii. Jason anategemea upweke. Anahitaji kambi msituni, nyumba iliyo mbali na nyingine, simu iliyokatwa waya, na msichana anayesikia kishindo gizani akatoka peke yake bila tochi kuuliza kama kuna mtu. Mlete Karurumo. Kwanza hapati chumba cha kukodi kabla mzee wa Nyumba Kumi hajamuuliza ametoka wapi, ni wa nani, na mbona hatoi hicho kitu usoni. Pili, huku hakuna anayetoka kuuliza kama kuna mtu. Mtu hubaki ndani akapiga nduru. Nduru moja ikipigwa usiku, mlima mzima unajibu, na ndani ya dakika chache kuna wanaume arobaini uwanjani, kila mmoja na panga lililonolewa asubuhi hiyo. Filamu ingeishia hapo, na chifu angekuja kesho kuandika ripoti.

Naomba nieleweke: panga la kweli silisifu. Hakuna Mkenya aliyeishi ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008 ambaye silaha hiyo inamchekesha, na ugomvi wa mipaka ya mashamba kote Embu na Meru umewahi kuishia pabaya. La Jason lina heshima yake ya uongo. Damu ya Psycho ya Hitchcock, ile ya 1960 iliyowatangulia wote, ilikuwa sharubati ya chokoleti, na mlio wa kisu kikiingia mwilini ulipatikana kwa kuchoma tikiti. Hofu ya namna hiyo hudumu dakika 90, stima ikiwepo.

Sasa nije kwenye mwendelezo, yaani hizo sehemu ya pili, ya tatu, ya nane, ambazo watu wenye elimu huzicheka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na Jason huheshimu methali hiyo: kila mwisho anabakiza mmoja wa kusimulia. Ni kweli kwamba Alice, aliyebaki katika ya kwanza, aliuawa mwanzoni mwa ya pili. Lakini alipata mapumziko.

Kinachonifurahisha zaidi ni miisho yao. Mwaka 1984 walitoa sehemu ya nne na kuiita sura ya mwisho. Mwaka 1985 wakatoa ya tano na kuiita mwanzo mpya. Mwaka 1993 ikaja Ijumaa ya mwisho, na baadaye Jason akawa angani, kwenye chombo cha mwaka 2455, bado na panga. Freddy alitangaziwa kifo katika kichwa cha filamu ya 1991. Mwaka 1994 alikuwa kazini. Wabongo nao walijua biashara hii vizuri. Zama za Nsyuka ya Mussa Banzi na muvi nyingine za majini, hadithi moja ilikatwa katikati ikauzwa sehemu ya kwanza na ya pili, na ukinunua ya kwanza umejifunga. Angalau wao hawakusema ni mwisho.

Wakijaribu kubadilisha, ndipo wanapoharibu. Sehemu ya tano ilituletea muuaji bandia, mtu wa ambulensi aliyejivika kinyago cha mwenzake. Halloween ya tatu, ya 1982, haina Michael Myers kama mhusika, na walioilipia walilalamika kwa haki. Ya nane ya Jason, ya 1989, inaahidi Manhattan kwenye jina, lakini sehemu kubwa mko kwenye meli, na mkishuka, mitaa mingi mnayoiona ni ya Vancouver, Kanada.

Na bado hakufa. Walimzamisha, wakamchoma, wakampiga shoka la kichwa. Katika ya sita kijana mmoja anafukua kaburi ili ahakikishe amekufa, anamchoma maiti kwa chuma cha uzio, radi inapiga chuma, na marehemu anaamka. Kilichomsimamisha hatimaye kilikuwa kesi. Victor Miller, aliyeandika hadithi ya 1980, alitumia sheria ya Marekani inayomruhusu mwandishi kudai tena haki zake baada ya miaka 35. Upande wa pili ukasema alikuwa mwajiriwa tu. Mahakama ikampa ushindi mwaka 2018, rufaa ikakubaliana naye mwaka 2021, na muda huo wote hakukutoka filamu mpya baada ya ile ya 2009. Mtu ambaye radi ilimfufua alikaa nje miaka yote hiyo akisubiri mawakili. Mkaazi wa Karurumo hahitaji kuelezwa zaidi. Tunayo mashamba ambayo mwenyewe alishakufa, mwanawe amezeeka, na faili bado linatafutwa.

Kwa mwenye kutaka kuanza, aanze na Halloween ya 1978, kisha Friday ya kwanza kwa heshima ya mama. Ya tano airuke. Ya sita, Jason Lives ya 1986, ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu waliotengeneza hiyo walijua kuwa wanachekesha. Wanaosema ya nne ndiyo bora wana haki ya kuwa wa pili. Ile ya Manhattan usiitazame hata ukipewa bure.