Shaba Isiyoisha

Mdogo wangu huko Katuba, Lubumbashi, kaniuliza kwa uso wa matanga: "Yaya, RuneScape itakufa?" Mchezo huo wa intaneti upo tangu 2001. Mgeni huanza kwa kuchimba shaba, akaiyeyusha na bati, akapata bronzi. Mwamba ukiisha, vuta pumzi mbili tatu: shaba imerudi! Sisi wa Lubumbashi tanuru letu liliwashwa 1911, na hadi leo hakuna shimo lililojaa lenyewe. Kilichoota ni ule mlima mweusi wa makapi, nao tukarudi kuuchimba kutafuta kobalti.

"Haufi," nikamwambia. "Mgodi unaojijaza wenyewe, nani ataufunga?"

Akacheka. Umeme ukakatika, begi lake la shaba likiwa limejaa pomoni.